Jicho Jekundu Lisilopona: Kuvu Inapoingia Kwenye Kioo cha Jicho

Walengwa: Akina mama na walezi wa watoto, wazee na wagonjwa
Lengo la kipindi: Baada ya kusikiliza, mama aweze kutambua jicho linalohitaji daktari wa macho siku hiyo hiyo, ajue vipimo na matibabu ya kuvu ya jicho, na ajue dawa ambazo hazifai kutiwa jichoni.

  Tunawasalimu akina mama wote mlioko Lucky Summer, Baba Dogo, Ngomongo, Korogocho, Dandora na mitaa yote ya Eastlands. Kama uko kwenye kibanda unakata sukuma wiki, kama unafua, au kama umembeba mtoto mgongoni, sogea karibu na redio. Na kama kuna shosho nyumbani, mwite pia. Mada ya leo inamhusu.

Leo tutazungumza kuhusu macho. Si macho mekundu ya kawaida, yale yanayowasha watoto wakati wa vumbi au yanayotoa tongotongo kwa siku chache kisha yakapona. Tutazungumza kuhusu ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini ambao ukimpata mtu na akachelewa, unaweza kumwacha na jicho moja maisha yake yote. Ugonjwa huu ni kuvu ya jicho. Wengine huiita fangasi, wengine ukungu.

Pengine unajiuliza, mama, kuvu inaingiaje jichoni? Kuvu si ile tunayoiona kwenye mkate uliokaa sana, au kwenye mahindi yaliyonyeshewa? Naam, ni jamaa moja. Tuanze hapo.

KIOO CHA JICHO NI NINI?

Ukimwangalia mtoto wako machoni, unaona sehemu nyeupe na sehemu nyeusi au ya kahawia. Mbele ya ile sehemu nyeusi kuna ngozi nyembamba sana inayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Huwezi kuiona kwa sababu ni safi kabisa. Madaktari wanaiita konea. Sisi leo tutaiita kioo cha jicho.

Kioo hiki kina unene wa karibu nusu milimita tu katikati. Tena hakina mishipa ya damu, kwa sababu damu ingezuia mwanga. Hiyo ndiyo siri ya kuona vizuri, lakini ndiyo udhaifu wake pia. Mahali pasipo na mishipa ya damu, askari wa mwili wanaopigana na magonjwa huchelewa kufika. Kwa hiyo mdudu akipenya pale, anapata nafasi ya kujenga kabla hajafukuzwa.

Kioo kikiwa kizima, kuvu haipiti kwa urahisi. Macho yetu hukutana na vumbi lenye kuvu kila siku na hatuugui. Shida huanza pale kioo kinapokwaruzwa. Jani la hindi likimpiga mtu jichoni, au kijiti kikimchoma mtoto akicheza, kioo hupata mkwaruzo mdogo. Na lile jani au kile kijiti mara nyingi kina mbegu za kuvu, ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Zinaachwa ndani ya mkwaruzo kama mbegu ndani ya shimo. Kisha zinaota. Zinatoa nyuzi nyembamba zinazopenya kwenda ndani, na kidonda kinatokea juu ya kioo.

Kuna aina nyingi za kuvu, lakini mbili ndizo zinazosumbua macho zaidi katika nchi za joto kama zetu. Moja inaitwa Fuzariamu na nyingine Aspajilasi. Zote huishi kwenye udongo, kwenye mimea na kwenye takataka zinazooza. Hakuna haja ya kukariri majina hayo. Kumbuka tu zinakoishi.

NANI YUKO HATARINI HAPA KWETU?

Huenda ukasema, huu ni ugonjwa wa wakulima, sisi ni watu wa mjini. Ngoja kwanza.

Hapa kwetu kuna akina mama wanaolima sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe kando ya mto. Kuna wanaochambua taka ili kupata plastiki na vyuma vya kuuza. Kuna mafundi seremala na mafundi wa kuchomelea vyuma wasiovaa miwani ya kukinga macho. Kuna vijana wa mjengo. Kuna watoto wanaochezea fimbo, waya na mishale ya vijiti kwenye uwanja wa ploti. Na likizo ya Desemba ikifika, wengi wetu tunapeleka watoto mashambani, wanaingia kwenye mahindi na kukata kuni. Mtoto anaumia huko, anarudi Nairobi jicho likiwa jekundu.

Kuna kundi jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Ni wasichana wetu wanaovaa lenzi za macho za kubadilisha rangi. Lenzi zinazonunuliwa bila kupimwa, zinazooshwa kwa maji ya mfereji, au zinazoazimana kati ya marafiki, zinaweza kuingiza kuvu jichoni. Mwaka 2006 watu wengi Marekani na Asia waliugua kuvu ya Fuzariamu machoni, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wengi wao walitumia dawa moja ya kuoshea lenzi. Dawa hiyo iliondolewa sokoni duniani kote mwaka huo huo. Kama huko kwenye dawa za viwandani mambo yaliharibika, vipi lenzi inayooshwa kwa maji ya mtungi? Mwambie binti yako jambo hili.

Mwisho, watu wenye ugonjwa wa kisukari na wale ambao kinga yao imepungua wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu mwili wao hauna nguvu ya kutosha ya kupigana na kuvu.

TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA KWA MAJIRANI ZETU?

Wasikilizaji, ugonjwa huu umechunguzwa vizuri hapa jirani, Uganda. Kuanzia Desemba mwaka 2016 hadi Machi mwaka 2018, madaktari katika mji wa Mbarara walifuatilia wagonjwa 313 waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Sikilizeni walichokuta.

Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa na kuvu. Si bakteria. Kwa maneno mengine, dawa za kawaida za matone ambazo wengi wetu hukimbilia kununua hazingewasaidia.

Nusu ya wagonjwa walifika hospitali ya macho baada ya siku 17 au zaidi tangu jicho lianze kuuma. Siku 17, mama! Na 6 kati ya 10 walikuwa tayari wametia dawa za kienyeji jichoni.

Baada ya miezi 3, karibu 3 kati ya kila wagonjwa 10 walikuwa hawaoni tena kwa jicho lile. Na karibu 9 kati ya kila wagonjwa 100, jicho lenyewe lilipotea.

Hatutaji hesabu hizi ili kukutisha. Tunazitaja kwa sababu zinatufundisha jambo moja kubwa: muda ndio unaoamua. Kuvu ikiwa juu juu, dawa inaifikia. Ikishazama ndani, dawa hupata taabu kuifuata. Ndiyo sababu leo tutarudia mara kwa mara: usingoje.

DALILI ZA HATARI

Sasa, utajuaje kwamba jicho hili si jekundu la kawaida?

Macho mekundu ya kawaida, ya kuambukizana, mara nyingi hushika macho yote mawili. Yanawasha, yanatoa tongotongo, lakini mtoto anaona vizuri na anaendelea kucheza. Kuvu ya jicho kwa kawaida hushika jicho moja, lile lililoumia. Wala haiambukizi kama ile ya kawaida. Huna haja ya kumtenga mtoto na ndugu zake.

Mpeleke mgonjwa kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo ukiona dalili yoyote kati ya hizi:

1. Jicho linauma sana, si kuwasha tu.
2. Kuna doa jeupe au la kijivu juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Wazee wetu huliita chamba.
3. Mtoto hawezi kustahimili mwanga. Anaficha uso, anafumba jicho, anakaa gizani.
4. Anaona ukungu au haoni vizuri kwa jicho hilo.
5. Jicho lilichomwa au kukwaruzwa na jani, kijiti, kucha au chuma, na sasa linazidi kuwa jekundu badala ya kupona.
6. Umetia dawa ya matone kwa siku 2 au 3 na hakuna nafuu.

Jinsi ya kuangalia nyumbani ni rahisi. Nawa mikono. Mkalishe mtoto karibu na dirisha au mlango penye mwanga wa mchana. Mwambie atazame mbele. Linganisha jicho gonjwa na jicho zima. Je, sehemu nyeusi inang'aa sawa pande zote? Kisha ziba jicho zima kwa kiganja chako, bila kulibonyeza, umwulize una vidole vingapi. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kusema, ziba jicho zima kidogo. Akianza kulia na kusukuma mkono wako, pengine jicho lile jingine halioni vizuri. Usilazimishe jicho gonjwa kufunguka, na usiguse doa.

Kitu kingine cha kujua: kuvu huenda polepole. Bakteria anaweza kuharibu jicho kwa siku moja au mbili. Kuvu inaweza kuanza kidogo, ikakudanganya kwamba jicho linapona, kisha wiki ya pili doa likaonekana. Kwa hiyo jicho lililochomwa na mmea lichunguze kila siku kwa angalau wiki 2.

VITU VYA KUTOTIA JICHONI

Hapa ndipo macho mengi yanapopotea, kwa hiyo naomba masikio yenu.

Kwanza, dawa za nyumbani. Tunajua watu hutia maziwa ya mama, mate, mkojo, asali, majani yaliyopondwa, maji ya shubiri au chai baridi. Wanafanya hivyo kwa upendo. Shosho anayemtia mjukuu dawa ya majani anataka apone. Lakini majani hayo yametoka kwenye udongo ule ule ambako kuvu inaishi. Ukiyaponda na kuyatia kwenye kidonda, unapanda mbegu nyingine juu ya ile ya kwanza. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto mdomoni, lakini kwenye kidonda cha jicho yanaweza kuwa chakula cha vijidudu.

Pili, dawa za matone za dukani zenye steroidi. Steroidi ni dawa inayotuliza mwili usivimbe. Ni dawa nzuri kwa magonjwa fulani ya macho, ikiandikwa na daktari wa macho aliyekwisha kupima. Lakini kwenye jicho lenye kuvu ni hatari kubwa. Inafanya hivi: inawaambia askari wa mwili walale. Wekundu unapungua, maumivu yanapungua, mama anafurahi. Kumbe kuvu imeachiwa uwanja mtupu. Baada ya siku chache doa limekuwa kubwa mara mbili.

Utazitambuaje? Chukua pakiti usome jina la dawa iliyomo, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Likiishia kwa herufi s-o-n-e au l-o-n-e, uliza. Deksamethasoni, betamethasoni, hidrokotisoni na prednisoloni zote ni steroidi. Nyingine huchanganywa na dawa ya kuua bakteria ndani ya chupa moja, kwa hiyo soma majina yote. Kama hujui kusoma, mpe jirani au mtoto wa shule akusomee. Na mwulize mwenye duka la dawa hivi: "Dawa hii ina steroidi?" Una haki ya kujibiwa.

Tatu, usikubali kupewa dawa ya ganzi ya matone uende nayo nyumbani. Inaondoa maumivu kwa dakika chache, lakini ikitumiwa mara kwa mara inazuia kidonda kupona.

Nne, usitumie dawa iliyobaki ya jirani, hata kama jicho lake lilipona. Jicho lake lilikuwa na ugonjwa wake.

HUDUMA YA KWANZA

Jicho likichomwa au kukwaruzwa, fanya hivi. Mzuie mtoto asilisugue. Lioshe kwa maji mengi safi, kama yapo yaliyochemshwa na kupoa. Kama kuna kitu kimekwama ndani ya kioo, usikitoe wewe, wala kwa kitambaa wala kwa kiberiti. Usifunge jicho kwa bandeji ya kulibana. Kisha nenda kwenye zahanati au kituo cha afya.

Mkwaruzo ukitibiwa mapema, kabla kidonda hakijatokea, mara nyingi jicho linapona bila kuacha alama yoyote. Kwa hiyo usiseme, "Ni kijiti tu."

NENDA WAPI?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, lakini sema wazi: "Jicho lilichomwa na mmea, na sasa kuna doa." Omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Kidonda cha kioo cha jicho kinatakiwa kuonwa na wataalamu wa macho wenye vifaa.

Hapa Nairobi na karibu yake kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ina kliniki ya macho. Kuna hospitali ya macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho. Na kuna Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambayo ina kitengo kikubwa cha macho. Kutoka Lucky Summer utapanda matatu hadi mjini, kisha ya pili. Ni safari, tunajua, na ni nauli. Lakini nauli ya leo ni ndogo kuliko gharama ya jicho lililozama.

Kuhusu malipo, kumbuka kwamba tangu Oktoba mwaka 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondoka, mahali pake pakachukuliwa na SHA. Jisajili pamoja na watoto wako kabla ya ugonjwa kuja. Ukifika hospitali uliza kabla ya matibabu ni kipi bima inalipa na ni kipi utalipa mwenyewe. Na kama huna pesa zote, usirudi nyumbani kimya. Omba kuonana na ofisa wa jamii wa hospitali.

Beba vitu vitatu: dawa zote ulizokwisha kutia jichoni, hata zile za majani, tarehe jicho lilipoumia, na jibu la swali hili, lilichomwa na nini? Usione haya kumwambia daktari ulitia maziwa au majani. Hakuulizi ili akugombeze. Anatafuta njia.

DAKTARI ANAPIMAJE?

Wazazi wengine wakiona vifaa vya macho huogopa, wakamchukua mtoto na kuondoka. Hebu tueleze kinachofanyika, ili usishangae.

Kwanza daktari atapima uwezo wa kuona. Kisha atamwangalia mgonjwa kwa darubini yenye mwanga, mgonjwa akiwa ameweka kidevu mahali pake. Atatia tone la rangi ya manjano. Rangi hiyo inashika pale penye kidonda na kung'aa kijani, ndipo daktari anaona ukubwa wake. Kidonda cha kuvu mara nyingi kina kingo zilizochanika kama unyoya wa kuku, na huenda kuna madoa madogo pembeni ya doa kubwa. Lakini hata daktari bingwa hawezi kuwa na hakika kwa kuangalia tu. Kuvu na bakteria hufanana.

Kwa hiyo kipimo muhimu ni kukwangua. Daktari anatia dawa ya ganzi, kisha kwa kifaa kidogo anakwangua uso wa kidonda na kuchukua chembe kidogo. Kwa mtu mzima haiumi kwa sababu ya ganzi. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia huenda akalazwa usingizi wa dawa kwanza. Kukwangua kuna faida ya pili: kunaondoa tabaka la juu, na dawa inapata njia ya kuingia.

Chembe zile zinapelekwa maabara. Sehemu moja inawekwa kwenye kioo na kutiwa maji ya dawa yanayoyeyusha nyama, nyuzi za kuvu zikabaki zikionekana chini ya darubini. Jibu hili linaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Sehemu nyingine inapandwa kwenye chakula maalumu cha kuoteshea vijidudu. Jibu lake linachukua siku kadhaa, hata wiki 2, kwa sababu kuvu huota polepole. Usikate tamaa ukiambiwa urudi kuchukua majibu. Daktari hangoji majibu yote ndipo aanze dawa.

Kama jicho lina doa na hakuna aliyetaja kukwangua, uliza kwa adabu: "Daktari, je, kuna haja ya kupima kuvu?" Ni swali fupi, na linaweza kuokoa jicho.

MATIBABU YAKOJE?

Dawa ya kwanza ya kuvu ya kioo cha jicho inaitwa natamisini, ya asilimia 5. Ni matone meupe kama maziwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Uchunguzi mkubwa uliofanywa India na kutolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba natamisini iliwasaidia wagonjwa kuliko dawa nyingine ya bei ghali, hasa wale wenye kuvu ya Fuzariamu. Haipatikani katika kila duka la dawa. Uliza hospitali yenyewe kabla hujaanza kuzunguka mjini. Ikikosekana, au kuvu ikiwa ya aina nyingine, daktari anaweza kutoa matone mengine, baadhi yake yakitengenezwa hospitalini. Kuvu ikizama, anaweza kuongeza vidonge. Mara nyingi atatoa pia tone la kupanua mboni ili kupunguza maumivu. Tone hilo humfanya mgonjwa aone ukungu kwa muda. Usiogope.

Sasa sikiliza sehemu ngumu. Natamisini haipenyi kwa urahisi ndani ya kioo. Ndiyo maana hutiwa mara nyingi sana. Siku za mwanzo daktari anaweza kusema kila saa moja, mchana na usiku. Naam, na usiku pia. Baadaye anapunguza. Matibabu yote huchukua wiki kadhaa, mara nyingine zaidi ya mwezi. Wagonjwa wengi wenye hali mbaya hulazwa ili wauguzi wasaidie.

Ukitibu nyumbani, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Tikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini.
3. Mlaze mtoto chali. Vuta kope ya chini kidogo.
4. Tia tone moja. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.
5. Afumbe jicho taratibu kwa dakika moja.
6. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5.

Weka kengele kwenye simu. Andika kila tone kwenye daftari. Na usibebe mzigo huu peke yako. Baba mtoto achukue saa za usiku wa manane, dada achukue alfajiri. Jirani anayeaminika akushikie unapoenda sokoni. Mama wa kibarua, zungumza na mwajiri mapema.

Usiache dawa kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu hutangulia kuondoka, kuvu hubaki. Anayesema dawa iachwe ni daktari, baada ya kuangalia kwa darubini. Na ukiona jicho limebadilika ghafla, maumivu yamezidi au maji yanatoka mengi kuliko kawaida, rudi hospitali hata kama si siku yako.

Kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu jeupe. Kovu hilo si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yuko ndani, kovu liko mbele kwenye kioo. Kama kovu linazuia kuona, wakati mwingine daktari anaweza kubadilisha kioo kwa upasuaji, akiweka kioo kilichotolewa na mtu aliyefariki ambaye alikubali kusaidia wengine. Vioo hivyo ni vichache kuliko wanaovihitaji. Na pale ambapo kuvu imelila jicho lote, daktari hulazimika kuliondoa ili kuzuia maumivu na madhara zaidi. Hapo ndipo tunapotaka usifike.

NENO KWA WENYE KISUKARI

Kuna kuvu nyingine, adimu zaidi, ambayo haianzii kwenye kioo. Inaanzia puani na kupanda hadi nyuma ya jicho. Mwaka 2021, wakati wa korona, maelfu ya watu India waliugua, wengi wao wakiwa na kisukari kisichodhibitiwa na wakiwa wametumia steroidi. Kama unamlea mzazi mwenye kisukari, na ghafla uso umevimba upande mmoja, pua imeziba na kutoa uchafu mweusi au damu, jicho limetokeza au haliwezi kugeuka, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Hii haitibiwi kwa matone.

KINGA

Vaa miwani ya kukinga macho unapolima, unapopasua kuni, unapochambua taka au unapochomelea vyuma. Miwani ya plastiki ya mafundi haina bei kubwa. Kata ncha za miti na waya zinazotokeza kwenye kamba za nguo na kwenye ua la ploti, kwa urefu wa macho ya mtoto. Wafundishe watoto wasirushiane vijiti. Kata kucha za mtoto mchanga, na zako pia.

TUKUMBUKE

Jicho lililochomwa na mmea si jambo dogo. Doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ni safari ya hospitali leo, si kesho. Usitie majani, maziwa wala dawa yenye steroidi. Omba kipimo cha kuvu. Na ukianza dawa, imalize.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Hapa mtaani kwetu, watoto huumia macho wapi zaidi, na tunaweza kuondoa nini wiki hii?
2. Tutazungumzaje na shosho kuhusu dawa za majani bila kumvunjia heshima?
3. Mama mmoja akihitaji kutia dawa kila saa usiku, kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje?
4. Nani kati yetu anaweza kusoma pakiti ya dawa kwa niaba ya wengine?

 Mweleze jirani ambaye hakuwa karibu na redio.